Habari Kutoka Ndani ya Sanduku

Mama mkwe wangu alinikuta nimeingiza kichwa ndani ya televisheni, nimevaa tai, nasoma habari zake. Habari zake yeye, mama mkwe. Naanza na hiyo kwa sababu kijiji kizima kinaijua, na ukija kunitembelea kwetu pale juu ya Karatina, mtu wa kwanza utakayemuuliza njia atakuambia, "Unatafuta yule wa televisheni?" Afadhali uisikie kwangu. Mimi nitaipunguza kidogo.

Ilikuwa mwisho mwisho wa miaka ya sabini. Nilikuwa mpishi wa hoteli pale chini mjini, karibu na mahali lori za kabichi na viazi zilikuwa zinapakia. Ukisikia hoteli usifikirie vitanda. Ni meza nne, mabenchi, na mimi nyuma ya pazia na karai. Shule niliacha darasa la saba katikati, siku mwalimu wa hesabu na mimi tulipokubaliana kwamba hatufai kukaa chumba kimoja. Lakini karanga yangu, ile nyama ya kukaanga na nyanya, madereva walikuwa wanasimamisha lori kwa sababu yake. Ndivyo nilivyokuwa najiambia. Rafiki yangu mmoja, fundi wa redio, mtu wa Machakos aliyekuwa na kibanda kando ya hoteli, alikula kwangu kila mchana, na kila mchana kabla hata hajakaa aliitisha maji, jagi nzima. Nilidhani ni joto la kwao limemzoesha hivyo.

Sasa elewa aibu yangu. Mtu anayelisha lori na matanboi wake, wale vijana wa kupakia, alikuwa ameshindwa kulisha mtoto mmoja wa miaka mitatu.

Na huyu hakuwa mtoto tu. Kwetu msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya baba, na wa pili jina la mama ya mama. Wa kwanza wetu alikuwa ameenda kukaa na mama yangu, anasomea shule ya huko. Huyu wa nyumbani alikuwa wa pili, kwa hivyo alikuwa na jina la mama mkwe, na kwetu mwenye jina ni kama mwenyewe. Ukimkemea, umemkemea mama mkwe. Akitembea na nguo imepasuka, mama mkwe ndiye umemvalisha matambara. Na akikonda, basi ni wewe unamnyima mama mkwe chakula, tena nyumbani kwako, na watu wanaona.

Na alikuwa anakonda.

Televisheni tuliipata kwa Mhindi mmoja wa duka la vitambaa kule Nyeri mjini, aliyekuwa anahamia Nairobi na hakutaka kuibeba. Ilikuwa sanduku kubwa la mbao, miguu minne, na milango miwili midogo mbele kama kabati ya vyombo. Stima hatukuwa nayo, kwa hivyo ilitumia betri ya gari, na betri nilikuwa nabeba kwa baiskeli hadi kwa fundi kuichaji. Antena tuliifunga juu ya nguzo ndefu, tukaielekeza upande ambao jirani aliapa ndio Nairobi. Kumbe ulikuwa wa Nanyuki. Kwa wiki nzima tulitazama chenga tukisema picha ni nzuri.

Kabla ya hapo mtoto alikuwa mlaji wa kawaida. Leo anamaliza, kesho anasukuma sahani, keshokutwa anataka ya mwenzake. Halafu jioni moja akawa amekaa mbele ya televisheni, mtu wa habari anasoma, na mtoto ameachama mdomo kwa kushangaa. Bibi yangu, mama ya mtoto, mtu asiyepoteza nafasi, akatia kijiko cha mukimo, vile viazi vya kuponda na mahindi. Mtoto akameza. Akatia kingine. Sahani ikaisha bila kelele, bila kukimbizana nyumba nzima, bila mimi kuimba. Tuliangaliana kama watu waliookota kitu njiani na hakuna mwenyewe anayeonekana.

Tukaendelea hivyo. Akitazama, anakula. Hata betri ikiisha nguvu na picha ikageuka chenga tupu, alikula akitazama chenga. Hiyo ingetuambia kitu, lakini mimi niliona tu tumebarikiwa.

Shida ni kwamba siku hizo televisheni ilikuwa inafunguliwa jioni tu, na wimbo wa taifa, ambao mtoto wetu alikuwa anausimamia kama polisi. Asubuhi na mchana hakuna kitu. Basi asubuhi anachukua kikombe chake cha uji, anaenda kukaa mbele ya ile milango iliyofungwa, anangoja. Uji unapoa, unafanya utando juu. Mchana hivyo hivyo na viazi. Jioni ikifika, bibi yangu anamtilia chakula cha siku nzima kwa mara moja, kwa sababu ndiyo nafasi iko. Mtoto anameza tu, hasemi nimeshiba, hasemi bado. Akilala, tumbo linamuuma au anatapika. Asubuhi macho mazito, hata kucheza hataki. Watoto wa jirani walikuwa wanakuja kumwita wakasukume matairi, anatingisha kichwa, anarudi kwa milango yake.

Tulimpeleka kliniki. Nesi akamweka kwa mizani, akaangalia, akauliza, "Mnakula nini kwenu?"

Nikasema kwa kifua, "Mayai, maziwa, mukimo, nyama kila wiki."

Akanitazama tumbo. "Wewe nimekuona. Nauliza mtoto."

Tukirudi, bibi yangu akasema hiyo televisheni ifungwe na kamba. Mimi nikamwambia, "Ukiifunga, hata hiyo kidogo ya jioni hatakula. Utakuwa umemaliza mama yako wewe mwenyewe." Akaenda kuweka sufuria motoni. Maneno ya kijinga, lakini yalikuwa kweli. Ndivyo tulivyokuwa tumeshikwa: kitu kilichomharibu kula ndicho peke yake kilichomfanya ale.

Halafu nikaichoma. Sikukusudia. Nilikuwa naunganisha betri huku naongea, maana mimi siwezi kufanya kitu bila kuongea, nikaweka waya nyekundu mahali pa nyeusi. Moshi ukatoka kwa vile vitundu vya nyuma. Mtoto akapiga makofi, alidhani ni sehemu ya kipindi.

Fundi akapanda mlima na baiskeli yake. Akafungua nyuma, akatoa matumbo yote, kioo na nyaya na vitu nisivyojua majina, akavifunga kwa gunia na kuvilaza kwa keria, nyuma ya kiti cha baiskeli. "Kifaa cha kuweka kitatoka Nairobi," akasema. "Sanduku baki nayo. Baiskeli yangu si lori."

Basi tukabaki na sanduku tupu sebuleni, limesimama na miguu yake minne, mbele wazi, nyuma wazi.

Jioni hiyo mtoto akachukua sahani, akaenda kukaa mbele yake. Bibi yangu akaleta kijiko. Mdomo haukufunguka. Jioni ya pili vilevile. Alikunywa maziwa kidogo, basi. Mikono yake ilikuwa imekuwa kama vijiti vya kuwashia moto. Bibi yangu akanigeukia na sahani mkononi, sauti chini kabisa: "Wewe ndiye uliyeichoma. Fanya kitu."

Sijui wewe ungefanya nini. Mimi nilienda chumbani nikavaa tai, ile moja ya harusi, nikapita nyuma ya sanduku, nikapiga magoti, nikaingiza kichwa na mabega.

"Watazamaji, hamjambo," nikasema.

Mtoto akainua macho.

"Leo huko Karatina, lori moja la kabichi limekataa kupanda mlima. Abiria wote, yaani kabichi, wameteremka wenyewe na kurudi sokoni kwa miguu. Hali ya hewa: kesho kutakuwa na baridi, na keshokutwa baridi nyingine."

Mdomo ukafunguka. Kijiko kikaingia.

Kuanzia hapo nikawa televisheni. Nilikuwa natoka hotelini mapema, mwenye hoteli akinung'unika, nakimbia mlima na baiskeli, navaa tai, naingia. Mwanzo nilifanya kwa ajili ya mtoto. Baadaye, wacha niseme ukweli, nilianza kupenda. Nilianza kuchana nywele. Hotelini nikikaanga vitunguu nilikuwa napanga habari za jioni. Shuleni hakuna aliyewahi kunitazama nikiongea bila kuchukua kiboko, na hapa nilikuwa na mtu anayenitazama bila kupepesa macho.

Sasa tufike kwa mama mkwe. Alikuwa anakaa Kangari, analima chai, na kwetu huyo si mtu wa kuingia kwako hivi hivi. Mama mkwe anatuma habari kwanza. Akifika unatoa kofia, unasimama mbali kidogo, unamtafutia kiti chenye mgongo, unaulizia chai na mvua. Mchezo naye hakuna. Miaka yote tangu nioe, sikuwa nimemwambia sentensi ndefu kuliko "Mama, karibu uji." Lakini mtu alikuwa amempelekea maneno kwamba mwenye jina lake amebaki mifupa, na hakungoja kutuma habari. Alipanda gari asubuhi, akatembea kutoka barabarani na kiondo mgongoni na kuku wa zawadi kwapani, akafika saa ya habari.

Mimi ndani ya sanduku sikuweza kuona mlango wa nyumba. Ile milango midogo ya mbele ilikuwa inanikinga pande zote mbili. Niliona mtoto, sahani, na mkono wa bibi yangu. Na siku hiyo nilikuwa nimejitayarisha vizuri.

"Habari kutoka Kangari," nikasoma. "Mama mmoja mchumaji chai ameahidi kumtembelea mjukuu wake. Serikali inamwomba aje na maharagwe. Maneno tuko nayo ya kutosha."

Nikasikia kuku. Sisi hatukuwa na kuku.

Bibi yangu akageuza kichwa kuangalia mlangoni, na hapo ndipo nilipoona kile kitu. Mkono wake ulikuwa tayari njiani, umezoea njia, ukaendelea wenyewe. Lakini kijiko kilikuwa kitupu. Alikuwa hajachota. Mtoto akafungua mdomo, akapokea kijiko kitupu, akafunga. Akatafuna. Akameza. Macho yake yako kwangu muda wote.

Kabla sijawa televisheni nilikuwa namwona akila kutoka pembeni, kutoka upande wa sahani, na nilipoingia sandukuni nilikuwa nasikiliza sauti yangu tu. Ukiwa upande wa sahani unaona chakula kinapungua, unafurahi, unasema leo amekula. Nafikiri katika wilaya nzima ni mimi peke yangu niliyewahi kumtazama mtoto kutoka upande wa televisheni, na nakuambia kutoka huko hakuna mtu anayekula. Kuna uso tu, umetulia, na mdomo unaofunguka ukiguswa. Ungeweza kumtilia mchanga. Yule mtoto alikuwa hajui kama kuna chakula ndani au hakuna, na kama hajui hiyo, angejuaje kama ana njaa.

Nikanyamaza katikati ya habari. Halafu nikakumbuka kuku, na nikaelewa ni nani amesimama mlangoni.

Nilitaka kutoka haraka nisalimie kama mkwe. Tai ikanaswa na msumari. Nilipoinuka, sanduku likainuka nami. Ndivyo nilivyompokea mama mkwe: nimesimama katikati ya sebule, nimevaa televisheni, miguu yake minne hewani.

Yeye hakucheka. Alimtazama mtoto kwanza, kwa muda mrefu, mikono na shingo. Halafu akanitazama mimi.

"Kumbe hapa sipikiwi," akasema.

"Unapikiwa, Mama," nikajibu kutoka ndani.

"Wewe nyamaza. Si habari zimeisha?"

Bibi yangu ndiye aliyekata tai, na makasi. Baadaye nikamwambia habari ya kijiko. Hakuniamini. Akaketi mbele ya mtoto, akaniambia nirudi niseme neno moja tu. Niliinama nyuma ya sanduku, nikasema "Watazamaji," akapeleka kijiko kitupu, mtoto akatafuna. Bibi yangu akaweka kijiko chini polepole, akatoka nje, akakaa huko akipasua kuni ambazo hatukuwa tunahitaji.

Mama mkwe akakaa. Kitu cha kwanza alichofanya, alichukua sanduku akalipeleka jikoni, ile nyumba ndogo ya kupikia, akalisukuma nyuma yake ukutani, akatia nyasi ndani, akamweka kuku. "Ina milango, ina miguu, paka hafiki," akasema. "Mhindi alitengenezewa kitu kizuri."

Usidhani mambo yalikuwa mepesi baada ya hapo. Mtoto alilia akitaka mtu wa habari. Alinishika suruali, akanivuta hadi jikoni, akanionyesha sanduku na kuku ndani, kama kusema mtoe huyu, ingia wewe. Nilikuwa karibu kuingia. Nilikuwa hata tayari kukaa na kuku, nisome vichwa vya habari tu. Bibi yangu alinishika koti.

Siku hizo za kwanza mtoto alikunywa maziwa, maji, na karibu hakuna kingine. Mimi hotelini nilichoma vitunguu mara mbili. Mama mkwe hakumbembeleza. Alipika, alikula, sahani ya mtoto aliiweka pale, basi. Lakini hata yeye aliogopa. Nilimwona mtoto akiwa amelala mchana, yeye ameinama anamwekea mkono tumboni. Aliponiona akajifanya anavuta blanketi. "Nikifia hapa kwa jina," akaniambia, "utanizika wewe, na tai yako."

Kilichomfungua hakikuwa kitu kikubwa. Mama mkwe alikuwa jikoni alasiri, ametoa kiazi kwenye majivu, moto sana, anakirusha mkono huu mkono huu, anapuliza, anasema maneno ambayo mama mkwe hapaswi kuyajua. Mtoto akaja kuona anagombana na nani. Mama mkwe akakivunja, akampa kipande. Kikamchoma vidole, akakiangusha, akakiokota na majivu yake, akapuliza kama alivyoona, akauma. Akakaa chini. Baadaye akanyoosha mkono kuomba kingine. Kesho yake asubuhi alikataa uji tena, na tukarudi nyuma kidogo, lakini mchana alikuja mwenyewe jikoni kuuliza kama viazi viko.

Na kuku akaanza kuatamia. Mtoto alikuwa bado anapenda kukaa mbele ya sanduku, huwezi kumwondolea hiyo kwa siku moja, lakini hiki kilikuwa kipindi kingine. Kuku haongei. Kuku anakula akitaka, na akishiba anakupa mgongo hata ukimsukumia mahindi. Mtoto alimrushia punje, akangoja, akamwona amekataa. Alilifikiria jambo hilo. Halafu akala yake. Watoto wa jirani walipopita na matairi kuja kumwona kuku wa televisheni, siku moja aliondoka nao, akarudi jioni na matope hadi magotini, anauliza ni nini imepikwa.

Hapo ndipo fundi alipofika na matumbo ya televisheni kwenye baiskeli, yametengenezwa, yamefungwa vizuri na gunia. Nikampeleka jikoni kumwonyesha sanduku. Kuku akamfokea.

"Mtoe nirudishe mashine," fundi akasema.

"Kuku akiatamia hasogezwi," mama mkwe akajibu bila kuinua kichwa. "Mashine yako itangoja vifaranga."

Ikangoja, na iliporudi mahali pake baadaye ilikuwa inafunguliwa sahani zikishaoshwa, hiyo sheria iko mpaka leo. Lakini siku hiyo fundi hakuwa na kazi tena, na mlima alikuwa ameshaupanda, kwa hivyo tukamwambia akae ale. Nilikuwa nimebeba karanga kutoka hotelini, sufuria nzima, kwa heshima ya mama mkwe ambaye hajawahi kuionja. Tukakaa kuzunguka moto, sisi wakubwa wanne, na mtoto katikati yetu na kisahani chake na kijiko chake mwenyewe.

Akachota. Akatia mdomoni. Akaacha kutafuna.

Halafu akainamisha kichwa, akatazama ndani ya sahani. Tangu televisheni iingie nyumba yangu sikuwa nimemwona akitazama sahani.

"Baba," akasema, "hii ina chumvi."

"Chumvi ni nzuri, mama."

"Ni nyingi." Akasukuma nyama kando, akachukua kiazi.

Bibi yangu alikuwa anaangalia moto. Mama mkwe alikuwa anaangalia paa, kama mtu anayetafuta mahali panapovuja. Mimi nilikuwa nakoroga sufuria, na sitaki udhani nilikuwa nimeumia. Ningempa ile sufuria yote aiteme kipande kimoja kimoja.

Fundi akaweka chini kikombe chake cha maji, ambacho alikuwa amekimaliza tayari, akampa mtoto mkono, kwa heshima, kama anamsalimia mama mkwe mwenyewe. Halafu akanigeukia.

"Miaka hii yote mimi nakunywa jagi nzima," akasema, "na madereva wanakunywa jagi nzima, na hakuna hata mmoja wetu alikuwa na roho ya kukuambia."